Ajenda ya Kwanza Ilikuwa Dume

Nafundisha baiolojia sekondari, na kwa kazi hiyo nimezoea kubishana na watoto wasiotaka kuambiwa kwamba mtu ni mnyama. Siwalaumu. Wako kwenye umri ambao ndiyo kwanza wameanza kujitazama kwenye kioo, halafu anaingia darasani mwanamke mwenye chaki kuwaambia kwamba shingo yao na shingo ya twiga zina idadi ile ile ya mifupa. Wanacheka, wananuna, mwisho wanaandika. Walionishinda ni watu wazima, hasa wa kwetu.

Kwetu ni Old Moshi, juu kwenye migomba. Mimi naishi mjini, Shirimatunda, ila kila Jumamosi nisiyokuwa na madaftari ya kusahihisha napanda kwenda kumwona mama. Kihamba cha marehemu baba, yaani shamba letu la ukoo pamoja na nyumba, alirithi mdogo wangu wa mwisho. Ndivyo desturi ilivyo: kitinda mimba wa kiume hubaki na nyumba, hubaki na mama, hubaki na makaburi. Sisi mabinti tuliambiwa tutapata kwa waume zetu. Mimi mume sikupata, nilipata shahada, na ukoo mpaka leo unanitazama kama mtoto aliyetumwa unga akarudi na redio.

Mdogo wangu alioa kanisani, kwa kwaya na keki, akamleta msichana mpole wa upande wa pili wa korongo ambaye kwao ni Wakatoliki. Msichana akahamia Kilutheri bila kelele. Mimi ndiye wifi mtu, na kazi ya wifi mtu inajulikana: kupitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, kuonja mchuzi na kuuliza kama chumvi imeadimika. Sikuwa na muda huo. Tena nilimpenda mapema, kwa sababu ya ng'ombe.

Ng'ombe wa kwetu hawatoki bandani. Hawajui malisho, wala hawajui kwamba mlima una kilele. Chakula kinawafuata, na kinawafuata kichwani kwa mwanamke. Wifi yangu alishuka tambarare kukata majani, alipasua migomba iliyokwisha kuzaa akawakatia vipande, aliosha sakafu ya banda, akakamua asubuhi na jioni. Alimjua ng'ombe wake kiasi kwamba akilia tofauti kidogo tu alijua kama ni njaa au amepata joto la kutaka dume. Mdogo wangu yeye alimjua ng'ombe kwa rangi.

Miaka ikaenda na mtoto hakuja. Mwaka wa kwanza watu walitania. Baadaye wakaacha kutania wakaanza kuombea, na kuombewa na watu wa kwetu ni jambo baya zaidi, kwa kuwa wanataja shida yako kwa sauti mbele ya benchi zima. Mama yangu alianza kuugua presha. Wanawake wa jumuiya wakamletea wifi mizizi ndani ya chupa za soda. Alikunywa yote, akasema asante, akarudi kwa ng'ombe.

Sasa nimtaje baba mkubwa, kaka wa marehemu baba. Ndiye mwenyekiti wa ukoo na ni mzee wa kanisa. Ana sentensi moja anayoitumia kama kufuli: "Mtu si mnyama." Aliniambia hivyo siku niliyopata kazi, aliniambia hivyo msibani, na aliwahi kuniambia hivyo akiwa anang'ofoa nyama ya mbuzi kwenye mfupa kwa namna ambayo simba angemwonea wivu. Lakini mtu huyo huyo akitaka kusifia ng'ombe wake atakwambia, "Huyu anabeba miezi tisa, kama mama yako alivyokubeba." Kufanana kunaruhusiwa kukiwa kwa upande wa wanawake. Kukivuka kwenda kwa wanaume, ghafla Mungu alituumba siku nyingine.

Siku moja alitoa mafundisho juu ya mgomba. Alisema ukoo ni kama mgomba: baba anaanguka, mwana anasimama pale pale, jina halipotei. Wanaume wote wakatikisa vichwa. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba ndizi zetu hazina mbegu. Mgomba wa kwetu haujui baba tangu enzi za mababu zetu. Chipukizi anatoka ubavuni mwa mama yake, naye ni mama yule yule tena, hajaongezwa kitu. Kwa hiyo kama ukoo wetu ni mgomba, basi wanaume wote waliokaa pale hawakuhitajika. Baba mkubwa akaniambia ninywe mbege yangu, pombe yetu ya ndizi.

Ndipo likaja dume.

Wataalamu wa mifugo wanapita kwetu na mitungi yao, wanapandisha ng'ombe kwa mrija wa mbegu, na ndama wanaozaliwa ni wazuri. Ila baba mkubwa hakuwaamini. Alidai ndama wa mrija hana baba. Ukoo ukachangishana, likanunuliwa dume, likawekwa bandani kwake. Lilikuwa kubwa kweli, na nundu yake na shingo yake nene, na likilia vikombe vinatetemeka mezani. Wanaume waliokuwa hawajasimama kwenye banda lolote tangu utoto wao walikuwa wakija jioni kuegemea boriti na kulitazama. Nadhani kila mmoja alikuwa akijitazama mwenyewe.

Ng'ombe wenye joto wakapelekwa. Dume lilipanda kwa juhudi, watu wakashangilia. Ng'ombe hawakushika mimba. Wakasema labda huyu ni mnene sana. Wakapelekwa tena, bado. Wakasema labda ni chumvi, ng'ombe wanahitaji chumvi ya madini. Ikanunuliwa chumvi. Nataka ieleweke jinsi walivyowavumilia wale ng'ombe. Hakuna aliyewatukana, hakuna aliyependekeza warudishwe walikonunuliwa.

Wifi ndiye aliyechoka kwanza. "Wifi," aliniambia, huku akimpapasa ng'ombe wake mgongoni, "hili dume lina kelele tu." Ng'ombe wake alipopata tena joto alimwita mtaalamu wa mrija, mchana kweupe, na ng'ombe akashika mara moja. Habari zikazunguka vihamba vyote, na dume likapata kesi.

Kesi za kwetu zinangoja Desemba. Desemba ndipo ukoo unapopanda kutoka Dar na kwingineko, magari yamejaa vumbi, na watu waliosema mwaka mzima kwamba hawana nafasi wanakaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri mbuzi aive. Kila kipande cha yule mbuzi kina mwenyewe, kwa umri na kwa udugu, na mtu akipewa kisicho chake atakumbuka mpaka kaburini. Wanaume hukaa uwanjani. Wanawake huwa jikoni na mtori, supu yetu ya ndizi. Mwaka ule mimi nililetewa kiti uwanjani, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa sababu ajenda ya kwanza ilikuwa dume na ukoo ulihitaji mtaalamu.

Nikaeleza. Nikawaambia dume linaweza kuwa na nguvu, na hamu, na sauti, na bado maji yake yasiwe na mbegu hai hata moja. Kwa macho huwezi kujua, mpaka yapimwe kwa darubini. Waliuliza maswali mazuri kuliko ya kidato cha nne.

"Kwa hiyo linaweza kupanda vizuri kabisa na bado kusiwe na kitu?" aliuliza baba mdogo, yule wa Dar mwenye duka la vipuri.

"Linaweza."

"Na ukubwa hausaidii?"

"Ukubwa hauna uhusiano, baba mdogo."

"Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe asilaumiwe kabla dume halijapimwa. Ndiyo hatua ya kwanza, maana kupima dume ni rahisi kuliko kupima jike."

Baba mkubwa alisimamisha fimbo katikati ya magoti. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeguswa, "Mwalimu amesema kweli. Tumewaonea hawa ng'ombe." Nakiri nilijisikia vizuri. Hata kulipima hawakuona haja. Walisema ng'ombe wa mke wa kitinda mimba ameshatoa ushahidi. Wakakubaliana bila kura kwamba dume liende buchani kabla ya mwaka mpya.

Halafu baba mkubwa akageuka. "Asante sana, mwanangu. Sasa nenda kawasaidie wenzako jikoni. Ajenda ya pili ni ya wanaume."

Sikuondoka. Ajenda ya pili ilikuwa wifi yangu.

Nilikaa pale pale kwenye kiti changu cha utaalamu na kuwasikiliza watu wale wale, mbege ile ile mkononi, wakisema mwanamke huyu ana kasoro. Mmoja akauliza kama kwao kulikuwa na matasa. Mwingine akasema labda ni dawa alizokunywa usichanani. Baba mdogo wa Dar alileta suluhisho: kijana atafute mtoto nje, kimya kimya. Yeye anamfahamu binti mmoja, mzima, wa familia nzuri, mtoto ataletwa nyumbani na huyu mke atamlea. Kuhusu kanisa, alisema mzee wa kanisa si yupo hapa hapa. Mzee wa kanisa akatazama fimbo yake.

Wifi alikuwa amekwisha kutoka jikoni na mabakuli ya mtori. Alisikia, kwa sababu hakuna aliyeshusha sauti. Aligawa kwa kufuata umri, baba mkubwa kwanza, akimwinamia kama heshima inavyotaka, na mkono wake haukumwaga hata tone. Mdogo wangu alikuwa amekaa mwisho wa benchi anatazama viatu vyake.

Nilisema, "Yale niliyoeleza juu ya dume bado yako pale pale."

"Mtu si mnyama," alisema baba mkubwa.

"Apimwe yeye kwanza."

Pakachafuka. Niliambiwa nimesoma nikapitiliza, niliambiwa ndiyo maana sikuolewa. Kijana mmoja wa mjini alicheka akasema, "Dada, umetuua." Watu waliokuwa tayari kuchungulia viungo vya dume kwa tochi hawakuweza kuvumilia wazo kwamba mwenye suruali anaweza kuwa na kasoro ndani yake. Nimefundisha tofauti kati ya binadamu na mamalia wengine kwa miaka mingi: ubongo, kidole gumba, lugha. Vitabu vimeisahau hiyo ya suruali.

Mdogo wangu akasimama. Nikafikiri atasema kitu. Alisema, "Ngoja nikaangalie ng'ombe," akaondoka. Nilimdharau sana wakati ule. Kikao kikampa mpaka Desemba ijayo: mtoto awe amepatikana kwa mkewe, ama yule binti wa Dar aanze kushughulikiwa.

Ilipita miezi kabla hajanifuata nyuma ya banda na kuuliza, macho kwenye samadi, "Dada, hicho kipimo wanakifanyaje?" Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani, bila kutabasamu, ingawa ilinigharimu. Alitaka kujua kama inauma. Mkewe alikuwa amekunywa mizizi ya kila mlima, na yeye alitaka kujua kama inauma.

Akaenda, hospitali moja ya mjini. Nilimngoja nje, kwenye kibanda cha chai. Aliporudi hakuagiza kitu.

"Hamna, dada," alisema. "Wameangalia, wakarudia tena. Hamna."

Hapo dharau yangu yote ilikosa pa kukaa. Nilimshika mkono kama nilivyokuwa nikimshika tukienda shule, tukakaa hivyo mpaka chai yangu ikapoa.

Alimweleza mkewe usiku huo. Nilitegemea kilio. Jumamosi iliyofuata nilimkuta wifi anachanganya pumba, nikamuuliza kama wamezungumza. Akasema wamezungumza.

"Pole, wifi."

"Nilikuwa najua," alisema. "Mimi nilikwenda kupimwa zamani, kule kwetu kwa masista. Waliniambia sina tatizo lolote. Nikajua."

"Na hukusema?"

"Ningemwambia nani? Nikisema, yeye atabaki na nini humu ndani?"

Niliondoka nimekasirika, na mpaka leo sijui vizuri nilimkasirikia nani. Miaka yote ile ya mizizi na maombi, mwanamke huyu alikuwa amembeba mume wake mgongoni na watu wakamcheka kwamba mgongo hauna mtoto.

Kumbe mdogo wangu naye aliona hivyo inatosha. Alikwisha kujua, lakini hakumwambia mtu mwingine. Ng'ombe wa wifi akazaa, ndama jike safi mwenye baka jeupe usoni, na wanawake waliokuja kuchukua maziwa wakasema kwa utani usio utani kwamba hata ng'ombe wake amemshinda. Mdogo wangu alikuwa amesimama hapo hapo. Akatabasamu, tena tabasamu la mwenye nyumba.

Kuna jambo huwa nawafundisha watoto, nao hulipenda. Maziwa ya ng'ombe hayashuki kwa kuvutwa tu. Ubongo lazima uyaruhusu, kwa homoni ile ile inayoshusha maziwa ya mama anayenyonyesha, hata jina ni hilo hilo. Ng'ombe akiogopa, au akisimama karibu na mtu asiyempenda, anabana. Unaweza kukamua mpaka vidole vife ganzi. Ng'ombe wa wifi alikuwa akimbania baba mkubwa. Mzee akija bandani kutoa maelekezo, maziwa yanakatika. Wifi alikuwa akimwomba, kwa adabu, asubiri nje.

Desemba ikafika. Safari hii kulikuwa na mbuzi wawili. Lile dume lililokwenda buchani lilikuwa limekwisha kusahaulika, na wale waliosema ndama wa mrija hana baba walikuwa na ng'ombe wenye mimba za mrija mabandani mwao. Sikuletewa kiti. Nilisimama mlangoni mwa jikoni, na wifi nyuma yangu akikoroga mtori.

Baba mdogo wa Dar alikuwa na picha ya yule binti kwenye simu. Simu ilizunguka mkono kwa mkono, wazee wakiisogeza mbali na macho ili waone vizuri. Wakamsifia kiuno. Baba mkubwa akasema kwa kuwa mwaka umekwisha na mke hajaonyesha dalili, ukoo hauna njia nyingine. Akamuuliza mdogo wangu kama ana la kusema, kwa namna ya mtu anayeuliza huku anakusanya karatasi zake.

Mdogo wangu akasimama. Alichelewa kuanza. Kwa mara ya kwanza nilimwona anamtazama mtu usoni.

"Baba mkubwa," alisema, "mimi nimepimwa. Mke wangu ni mzima, mwenye kasoro ni mimi. Lile dume mliliuza buchani. Mimi mtaniuza wapi?"

Simu ya baba mdogo ilikuwa bado mikononi mwa mtu, ikazimika mwanga yenyewe. Nyuma yangu mwiko uliacha kugonga sufuria. Nilingoja baba mkubwa aseme kwamba mtu si mnyama, ningempa nafasi hiyo kwa moyo mweupe, lakini alivua kofia akasema, "Tuombe." Akaomba sana. Aliombea mvua, wasafiri wanaorudi Dar, wagonjwa, wafiwa, na viongozi wa nchi. Jina la wifi hakulitaja. Kisha nyama ikagawiwa, na watu wakala kwa haraka.

Nieleze hapa kuhusu isale. Ni yale majani marefu ya kijani tunayopandia mipaka ya vihamba na makaburi. Ukimkosea mtu, unamchumia isale, unampelekea. Akiliona mkononi mwako, hana budi kusamehe. Kukataa isale lililokwisha kuonekana ni jambo zito ambalo hata walevi hawalifanyi. Baba mkubwa mwenyewe aliwahi kumpelekea isale jirani kwa sababu mbuzi wake alikula maharage. Kwa hiyo desturi alikuwa anaijua, na masale yamezunguka nyumba yake pande zote.

Siku zikapita, wa Dar wakaanza kufunga mizigo, na hakuna aliyemwambia wifi hata pole. Walimkwepa. Wakikutana naye njiani walimsalimia kwa furaha mno, wakauliza habari za ndama.

Asubuhi moja nilikuwa bandani, nimemshika ndama asisumbue, wifi anakamua. Maziwa yaligonga ndoo kwa nguvu, povu likipanda. Mlangoni pakawa na kivuli, halafu kikohozi ambacho ukoo mzima unakijua. Baba mkubwa alikuwa amesimama hapo, kofia kwapani, na mkononi isale moja, bichi, limefungwa fundo kama inavyotakiwa. Sijui nani alimsukuma, si mimi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona kuwa ni mzee.

Wifi hakugeuka. Paji lake la uso lilikuwa limeegemea ubavu wa ng'ombe.

"Shikamoo, baba," alisema, akiuambia ule ubavu.

"Marahaba, mwanangu."

Ndiyo hivyo tu. Mzee alinyoosha lile isale mbele kidogo, na wifi akaendelea kutazama chini. Asiyeliona hajaombwa. Wifi anajua desturi zetu kuliko sisi. Ng'ombe akapandisha pumzi, akabana, na sauti ya maziwa kwenye ndoo ikapungua, ikawa matone, ikaisha. Kiwele kilikuwa hakitoi kitu tena, mimi na ng'ombe tulijua hivyo, na mikono ya wifi ikaendelea kukamua.